Hapa Maua Tu

Mifupa ilikuwa imeoshwa. Hilo ndilo lililomnyima raha Inspekta Irmela Vochezer tangu Jumatatu asubuhi, siku furushi lile lilipokutwa chini ya jiwe la kumbukumbu, pale juu ya mji wa Ellerbronn palipokuwa na kambi ya mateso enzi za Wanazi. Mtu anayefukua mifupa ili auze hahangaiki kuiosha. Na mtu anayetaka kufanya dhihaka haifungi ndani ya shuka la kitani lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Brashi laini," alisema Daktari Nägele, ameinamia meza ya chuma. "Na maji ya vuguvugu, nadhani. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Wanafunzi wangu hawana mkono huu."

"Niambie habari zake," Irmela alisema.

"Mwanamume. Hajafika miaka thelathini na mitano. Alikaa na njaa muda mrefu, tazama meno, tazama miguu. Na tazama hapa." Daktari aligeuza fuvu taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Kisogoni palikuwa na tundu dogo la mviringo. "Risasi. Aliyepiga alisimama karibu."

Sajenti Levent Kocabaş, aliyekuwa ameegemea mlango na mkate wa bretzeli mkononi, aliurudisha ndani ya mfuko wake wa karatasi.

"Umri wa mifupa?"

"Tangu vita, sina shaka. Lakini hiki ndicho nilichokuitia." Daktari alisukuma kisahani cha kioo. "Aliyeosha aliosha vizuri, ila ndani ya tundu la sikio brashi haikufika. Umo udongo huu."

Irmela aliuinamia. Udongo mweusi, mlaini, wenye vipande vyeupe vyembamba kama kucha.

"Maganda ya mayai," alisema.

"Na majivu ya jikoni. Na mizizi myembamba kama nywele, imejaa kila mahali. Udongo huu umelishwa mboji miaka na miaka, lakini jembe halijashuka ndani yake siku nyingi."

Irmela alimgeukia Levent. "Rapp umemkuta na viatu gani?"

Ingo Rapp ndiye aliyekuwa mahabusu tangu juzi. Alijulikana bonde zima kwa kuzunguka misituni na mashine ya kutafutia vyuma, akichimbua kofia za askari na medali. Kila mtu mjini alikuwa amekwisha kuamua kwamba ni yeye.

"Buti zenye tope la njano," Levent alijibu. "Nusu ya msitu ameibeba kwenye soli."

"Mwachie."

"Kwa moyo mkunjufu, mkuu. Ananiimbia haki zake tangu Jumanne, tena kwa sauti mbaya."

Kabla hawajatoka, daktari aliwaonyesha glasi ya maji dirishani. Ndani yake kilisimama kijiti cha buksi, kile kichaka kifupi cha majani madogo yasiyopukutika ambacho watu wa bonde lile huzungushia makaburi ya wapendwa wao. Kilikutwa juu ya shuka, kimelazwa pale mkono wa kulia ungekuwa.

"Nilikitia maji bila kufikiri," alisema daktari. "Tazama, kinachipua."

Irmela alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama tundu la risasi.

*

Mwendesha mashtaka alipiga simu wakiwa garini.

"Vochezer, nikuulize kitu. Aliyepiga risasi ile, kama yu hai, ana umri gani?"

"Amepita mia."

"Haya. Ukinipa mahali ilipotoka mifupa, nitaandika hati ya kuchimba. Usiponipa kufikia Ijumaa, nafunga jalada na mtu wako atazikwa kama asiyejulikana, Jumapili, kwenye kumbukumbu ya kambi, mbele ya wageni, kwa heshima zote. Meya ameshaagiza shada."

"Kosa la kuua haliishiwi muda, bwana."

"Kosa haliishiwi muda. Wauaji ndio wanaoisha. Ijumaa."

Leo ilikuwa Alhamisi. Irmela alikata simu akamwambia Levent apite hoteli ya Mwanakondoo.

Bi Bronisława Skowrońska alikuwa mezani peke yake, mbele ya sahani ya dengu na tambi ambayo hakuigusa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na kila Aprili alikuja kutoka Łódź kwa treni kuhudhuria kumbukumbu ya kambi. Baba yake, Wacław, alikamatwa Warszawa kiangazi cha mwaka arobaini na nne, akaletwa Ellerbronn kuchimba mawe ya kukamuliwa mafuta. Bronisława alikuwa na umri wa mwaka mmoja.

Vita vilipokwisha, askari wa Kifaransa waliwatoa wanaume wote wa mji, wakawaamuru wafukue mashimo ya kambi kwa mikono yao na kuwazika wafu makaburini kama watu. Kazi ilichukua siku nyingi. Walipomaliza, walisema hayo ndiyo mashimo yote. Wacław Skowroński hakuwemo.

"Tumechukua mate yako, mama," Irmela alisema. "Majibu ya maabara yatachukua wiki kadhaa. Na huenda si yeye."

"Najua huenda si yeye. Kaa chini, binti yangu, unanitia kizunguzungu."

Irmela alikaa.

"Nimezoea kusimama mbele ya jiwe," mama alisema. "Jiwe zuri, lina maandishi. Lakini chini ya jiwe lile hakuna mtu. Mimi sitafuti aliyeua. Huyo nimemwachia Mungu, wagombane wao. Natafuta pa kusimama. Mnaweza kunipa hilo?"

"Sijui bado."

"Wewe huwa unakuja. Nakukumbuka. Unasimama nyuma, na sare."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka jana ulitazama saa yako."

Irmela aliona damu ikimpanda usoni. Alifanya jambo aliloliweza: aliuliza kama chumba kina joto la kutosha. Kisha akaaga.

*

Walianzia makaburini. Levent hakuelewa, na hakuficha.

"Tunatafuta bustani, mkuu. Daktari amesema mboji, amesema mayai. Hawa hapa hawali mayai."

"Tazama kando ya makaburi. Unaona nini?"

Levent alitazama. Pale palipokuwa na kingo za kijani zamani, sasa palikuwa na vijiti vya kijivu, au changarawe, au sementi iliyomwagwa upya. Safu kwa safu.

"Viwavi," alisema. "Mwaka ule walipokula kila kitu."

"Mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata. Mama yangu alilia kwa ajili ya buksi ya kaburi la baba kuliko alivyomlilia baba. Bonde zima hakuna iliyobaki, labda awepo mtu anayeinama kila asubuhi na kuokota viwavi mmoja mmoja. Kijiti chetu kinachipua. Kwa hiyo mtu huyo yupo, au alikuwepo majuzi."

"Na nani ana subira hiyo?"

"Twende kwa wenye subira," alisema Irmela.

Chama cha Bustani cha Mteremko wa Jua kilikuwa chini kidogo ya jiwe la kumbukumbu, umbali wa kupaza sauti. Mjini hapakuwa na asiyejua kwamba vile vipande vya bustani wanavyokodishwa wanachama vimekaa juu ya ardhi ya kambi. Mwaka wa njaa baada ya vita mabanda yalibomolewa kwa kuni, na mji ukaigawa ardhi kwa familia zipate kulima viazi. Lakini palikuwa na namna ya kulisema jambo hilo. Watu walisema bustani ziko upande wa majiko na stoo. Upande wa wafu, walisema, ulikuwa kule juu, au kule ng'ambo. Mkono uliashiria mbali, na mazungumzo yakahamia kwenye konokono wanaokula saladi.

Mwenyekiti wa chama, Eugen Pfitzenmaier, walimkuta kwenye njia ya kati akipima uzio wa miti wa mtu kwa fimbo yenye alama. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, fundi vitasa mstaafu, na kola ya shati lake ilinyooka kama karatasi mpya. Mkanda wake ulibeba pete nzito ya funguo.

"Kocabaş mdogo," alisema bila kuinua macho. "Baba hajambo? Uzio wake umenyolewa?"

"Hajambo, mzee. Hajasahau lile onyo lako. Kidole kimoja kupita kipimo."

"Viwili."

"Kimoja na nusu, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima."

"Mvua hunyesha kwa wote," alisema Pfitzenmaier. Ndipo akamwona Irmela, akavua kofia. "Inspekta. Mpwa wa Kläre. Shangazi yako alikuwa na bustani safi, Mungu amrehemu."

"Bwana Pfitzenmaier, natafuta buksi iliyo hai."

"Imekufa yote."

"Yote?"

"Yote. Viwavi." Alirudia kupima uzio ambao alikwisha kuupima.

Irmela alimshukuru, akaanza kuteremka njia ya kati. Hakugeuka, lakini alisikia funguo zikilia nyuma yake. Mzee alikuwa anawafuata.

Bustani zilikuwa tupu kama kawaida ya Aprili, udongo umekwishalimwa na kusawazishwa kwa reki, unasubiri. Huku na huku palikuwa na maua ya tulipu. Walipita bustani ya shangazi Kläre, ambayo sasa ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kike. Irmela aliona kwamba lile tuta la maua lingali mahali pake. Alikumbuka kwamba shangazi, mtu mpole aliyempa jemu na hadithi, alimpiga kofi mara moja tu maishani, siku alipolikanyaga tuta lile akifukuza mpira. Walipita.

Mwisho wa njia, karibu na pampu ya maji, palikuwa na bustani yenye geti lililofungwa na kibao: *Inasubiri mpangaji*. Ndani, katikati ya udongo, palikuwa na tuta moja la mstatili. Kingo zake zilikuwa za buksi, fupi, nene, kijani kibichi.

"Ya nani hii?" Irmela aliuliza.

"Ya Hiltrud Mauthe," Pfitzenmaier alijibu. "Alifariki Januari."

"Imekufa yote, ulisema."

"Nilisahau hii."

Levent alikohoa. "Mzee, wewe hukusahau kidole kimoja na nusu kwa miaka kumi na miwili."

Irmela aliegemea geti akatazama lile tuta. Ndani ya buksi hapakuwa na maua. Palikuwa na mistari ya miche iliyopandwa kwa kamba, imenyooka kama imepigwa rula. Miche yote ilikuwa myeusi, majani yamelegea kama vitambaa vilivyochemshwa.

"Maboga," alisema.

"Maboga," Levent aliafiki. "Yameuawa na jalidi. Ya usiku wa jana kuamkia leo."

"Bwana Pfitzenmaier, ni nani kila mwaka anapita geti kwa geti kuwaonya watu wasitoe miche nje kabla ya Watakatifu wa Barafu, zile siku za jalidi ya mwisho katikati ya Mei, kupita?"

"Mimi."

"Hapa kuna mtu wa bustani, aliyetumia kamba, aliyepanda kwa nafasi sawasawa, aliyejua kabisa kwamba miche hii itakufa. Kwa nini mtu kama huyo apande maboga Aprili?"

"Wapangaji wapya, pengine. Vijana."

"Kibao kinasema hawajaja. Na ufunguo wa bustani isiyo na mtu anakaa nao nani?"

Pete ya funguo ililia kidogo, kisha mzee akaishika kwa mkono isilie.

"Mimi nafikiri hivi," Irmela alisema. Hakupandisha sauti. "Udongo ulikuwa umefukuliwa. Uliofukuliwa majuzi unajulikana kwa jicho la mtu yeyote wa hapa. Mwenye kuufukua alihitaji kuufunika upesi, na dirishani kwake alikuwa na maboga, yenye majani mapana. Akaiweka miche yake mwenyewe ife. Lakini hilo halikuwa la kwanza kunishangaza."

"La kwanza ni lipi?" aliuliza Levent, ingawa alikwisha kuanza kuliona.

"Wewe niambie. Sheria ya chama inasemaje kuhusu mboga?"

"Theluthi ya bustani lazima ipandwe cha kuliwa. Baba aliandikiwa onyo mwaka alioumwa mgongo, kwa sababu nyanya zilipungua." Levent alitazama bustani ya Mauthe, akatazama kipande chembamba cha vitunguu kando ya uzio, kisha lile tuta kubwa. "Mama huyu hakufika theluthi. Hakukaribia hata robo."

"Miaka mingapi?"

"Tangu nizaliwe, mkuu. Lilikuwa limejaa maua ya peoni."

"Na aliandikiwa onyo lini, Bwana Pfitzenmaier?"

Mzee aliitazama fimbo yake yenye alama. Kola yake ilikuwa imenyooka, na mikunjo ya pasi kwenye mikono ya shati ilisimama vilevile kama ile ya kwenye shuka. Irmela aliiona, na aliona kwamba mzee ameona ameiona.

"Shuka lilikuwa la mke wangu," alisema Pfitzenmaier. "La harusi. Hatukulitumia hata siku moja, lilikuwa la kuwekwa."

Pampu ilidondosha tone.

"Nilipopewa uenyekiti," mzee aliendelea, "aliyenitangulia alinipa funguo, akanizungusha. Tulipofika hapa akasema, tuta hili la akina Mauthe liache. Hapa maua tu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, kuna mmoja hapa."

"Na wewe ukamuuliza nini tena?"

"Nikamuuliza mkutano unaanza saa ngapi."

Levent aligeuza uso.

"Hiltrud alipokufa," alisema mzee, "orodha ikaleta vijana wenye watoto wawili. Wananitajia theluthi yangu. Wanafurahi. Mama anasema, pale katikati tutaweka karoti, watoto wanapenda karoti. Mimi nimesimama hapo na fimbo hii. Nifanye nini? Niwaambie nini?"

"Ungetupigia simu."

"Mngefunga bustani."

"Huenda."

"Basi." Alivuta pumzi. "Wengi mle ni wazee, Inspekta. Wana bustani hizi tu. Nikasema, namtoa huyu mmoja, nampeleka juu kwenye jiwe lake, atapata mazishi yake na wageni wake, na watoto watakula karoti. Nilimwosha jikoni kwangu. Tundu lile nililiona. Nilikaa naye siku mbili mezani, sikuweza kula. Asubuhi ya Jumatatu kulipopambazuka nikampakia kwenye toroli. Nikafika juu nikaona siwezi kumwacha hivihivi bila jani. Nikarudi kukata."

"Kijiti kile ndicho kilichotuleta."

"Naona. Lakini hata ningejua, ningekikata," alisema mzee.

*

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kawaida. Irmela alitaka kuiona njia ya toroli, kutoka pampu hadi jiweni, ili aiingize kwenye taarifa. Jumba la chama lilikuwa na ngazi ya nje iliyopanda hadi kwenye roshani ya bendera. Alipanda yeye na Levent, na mzee akawafuata polepole.

Kutoka juu alilipata jiwe la kumbukumbu, akaipata njia. Kisha macho yakarudi kwenye pampu, yakapanda kidogo kuelekea kaskazini, yakakwama.

Wakati mwingine wowote wa mwaka asingeona kitu. Wakati wa kiangazi mteremko wote ungekuwa majani, maharage yamepanda vijiti, alizeti zimeziba. Lakini hii ilikuwa Aprili, kabla ya Watakatifu wa Barafu. Kila bustani ilikuwa udongo mtupu, kahawia kwa kahawia, na juu ya kahawia ile yalionekana matuta ya maua peke yake. Bluu ya maua madogo yaitwayo usinisahau, nyekundu ya tulipu, njano. Moja kwenye bustani inayoifuata ya Mauthe. Moja kwenye iliyofuata. Kila tuta na rangi zake, kila moja na kingo zake za mawe au matofali, kila moja limefichwa na jirani kwa uzio uliokatwa sawasawa kama sheria ilivyotaka. Na yote yalikuwa kwenye mstari mmoja. Uzio hadi uzio, bila kupinda, upana uleule, kutoka pampu hadi waya wa mpaka.

Halikuwa kaburi la mtu mmoja. Lilikuwa handaki, na mji ulikuwa umeligawana vipande vipande.

"Mkuu," Levent alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Lile la tulipu za njano."

"Naliona."

"Ni la baba. Mpangaji wa kabla yake alimwambia asipande kitu cha kuliwa pale. Hapa maua tu. Baba alidhani ni mafuta yamemwagika ardhini. Akaweka tulipu, akasema zitamkumbusha kwao." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Kila mwaka humkatia mama shada humo."

Irmela alilitazama tuta jekundu, la tatu kutoka pampu, la shangazi Kläre. Mkono wake ulikwenda wenyewe shavuni, pale lilipotua kofi. Alipokuwa na umri wa miaka minane alijua kwamba kuna kitu. Kila mtu anayepigwa na mtu mpole hujua kuna kitu. Alikula jemu, akawa inspekta, akasimama kila Aprili kando ya jiwe na sare iliyopigwa pasi, na katika miaka yote hiyo swali moja dogo halikumtoka mdomoni: kwa nini, shangazi?

Nyuma yao Pfitzenmaier alikuwa amefika roshani. Alitazama wanakotazama. Irmela alimwona akitafuta, akipima kwa jicho kama alivyozoea, bustani kwa bustani. Kisha fimbo ikamponyoka ikalia kwenye mbao.

"Mimi niliambiwa mmoja," mzee alisema.

"Kila mtu aliambiwa mmoja, Bwana Pfitzenmaier. Wa kwake."

"Niliambiwa mmoja," alirudia, na akashika ukingo wa roshani.

Irmela alimpigia mwendesha mashtaka. "Nimepata mahali," alisema. "Andika hati. Hapana, si bustani moja. Andika safu yote ya pampu." Akasikiliza. "Najua watasema nini. Mimi pia nimezaliwa hapa." Kisha akamtuma Levent kwenye hoteli ya Mwanakondoo.

*

Bi Bronisława alifika na koti lake la kijivu na mkoba mkononi, ameshika mkono wa Levent. Watu wachache waliokuwa bustanini walisimama na majembe yao. Walikuwa wameiona kamba ya polisi ikipita juu ya nyuzio zao, kutoka geti hadi geti, na hapakuwa na aliyeuliza ni ya nini. Huo ndio ulikuwa ushahidi ambao Irmela angeukumbuka zaidi.

Alimweleza mama kila kitu, pale kwenye pampu, kwa maneno machache. Hakupunguza. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Na baba yangu?"

"Sijui kama yumo. Tutachimba, tutapima, mmoja mmoja. Itachukua muda. Nitakuwepo."

"Bila saa?"

"Bila saa, mama."

Bronisława alitazama mstari ule wa rangi ukipanda mteremko. Alitazama muda mrefu. Aliinama akagusa jani la buksi, akatazama chini yake kama mtu wa shamba, akaona kwamba ni safi.

"Nani aliyekuwa akiyamwagilia maji maua haya?"

Irmela alifungua kinywa, lakini aliyejibu ni Pfitzenmaier. Alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, nywele chache zikipeperuka.

"Sisi," alisema.

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Basi mlijua."

Mwenyekiti aliwatazama watu wake, wale waliosimama na majembe, na kila aliyetazamwa alitazama chini. Akarudisha macho kwa mama.

"Ndiyo," alisema. "Tulijua."

Mama hakulia, wala hakusema amesamehe, na Irmela alishukuru moyoni kwamba hakusema. Alimkabidhi Pfitzenmaier mkoba wake, kama mtu anavyomkabidhi mchukuzi.

"Nishikie," alisema. "Nataka kusimama katika kila moja. Nifungulie."

Mzee aliutundika mkoba begani. Kulikuwa na kanuni, aliyoiandika mwenyewe na kuitetea nusu ya umri wake, kwamba hakuna anayeingia bustani ya mwenzake bila kualikwa. Akaichukua pete ya funguo kiunoni, akatafuta ufunguo wa geti la kwanza. Lilipofunguka, yule mwalimu wa kike, mpangaji wa bustani ya shangazi Kläre, aliweka jembe chini, akaenda kwenye geti lake mwenyewe na kulifungua kabla hajaombwa. Jirani yake alimwona. Naye akaenda. Hadi juu kwenye waya wa mpaka yalisikika makomeo yakiachia, moja baada ya jingine.